Siku Nilipoliharibu Friji la Mama Mkwe

Nianze kwa kujisifu, maana huko mbele sitapata nafasi. Mimi ni fundi wa mafriji, huu ni mwaka wa kumi na nane, na halijaletwa kwangu friji likarudi kwa mwenyewe bila kugandisha. Kuchelewa yanachelewa, sikatai. Mteja akipiga simu namwambia "bado kidogo tu", na hiyo kidogo inaweza kuwa wiki, inaweza kuwa mwezi. Lakini kushindwa, hapana. Neno "limenishinda" lilikuwa halijawahi kunitoka mdomoni, na nilikuwa na mpango wa kuzikwa nalo likiwa bado jipya.

Binti yetu ana wiki tisa. Kinyozi tunayepakana naye ukuta alimpa jina la King'ora, likamganda, siku hizi hata sisi wazazi tunalitumia. Asubuhi King'ora ni mtoto wa kuazimwa. Ananyonya, anacheka na feni, analala. Ikifika saa kumi kamili jioni anakunja magoti mpaka tumboni, anakaza ngumi, uso unamwiva, kisha anafungua kinywa. Kukifunga ni saa moja usiku. Daktari alimpima kila mahali akasema ni msokoto wa tumbo wa watoto wachanga, hana ugonjwa, uzito anaongeza vizuri, na hali hiyo itaisha yenyewe akifika miezi mitatu au minne. Alisema hivyo huku anatabasamu, maana yeye alikuwa anarudi kwake.

Mke wangu ni mwalimu wa hesabu, na kila mtu ana namna yake ya kuchanganyikiwa. Yeye alichora grafu. Aliibandika kwenye mlango wa chumba cha kulala, saa upande huu, nguvu ya kilio upande ule, na kila jioni aliongeza nukta moja huku machozi yanamtiririka. Wiki ya sita mstari ulipanda ukatoka nje ya karatasi, ikabidi aunganishe nyingine kwa gundi.

Halafu, wiki ya nane, mimi nikagundua Mkao wa Chui.

Unamlaza mtoto kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kwenye kiwiko, miguu inaning'inia huku na huku, kiganja chako kinashika tumbo lake. Ndivyo chui anavyolala juu ya tawi. Siku ya kwanza nilikuwa nimemtembeza hivyo sebuleni mpaka nikachoka, nikaegemea friji ili nisianguke. King'ora akanyamaza. Nilidhani masikio yameziba, nimekuwa kiziwi. Nikamwangalia. Amelala, mdomo wazi, mate yanadondoka kwenye kiatu changu. Kesho yake nikarudia: chui, kuegemea, kimya. Kesho kutwa vilevile. Mke wangu aliweka nukta chini kabisa ya grafu, akaibusu karatasi, halafu akanibusu mimi.

Basi, kichwa kikavimba. Nilimfundisha kinyozi Mkao wa Chui, na kinyozi hana mtoto wala mchumba. Nilimfundisha mama muuza mboga kwa kutumia kabichi lake. Mteja mmoja alikuja kuulizia friji lake, akaondoka anajua Mkao wa Chui barabara, na friji hajapewa.

Sasa hapo nilipoegemea ndipo penye kisa. Friji lile halikuwa letu. Letu lilikufa mwaka juzi, nitalitengeneza, bado kidogo tu. Lile lilikuwa la mama mkwe. Mama mkwe wangu ni matroni mstaafu wa bweni la wasichana. Wasichana mia mbili walikuwa wanazima taa na kujifunika gubigubi kwa kusikia tu viatu vyake koridoni. Alinikabidhi friji lake miezi mitano iliyopita kwa sababu linaunguruma, hapati usingizi. Nikaliweka sebuleni, nikalichomeka nilisikilize ugonjwa wake, halafu tukaweka chupa ya maji, halafu tukaweka nyanya, na mtoto alipozaliwa tukaweka maziwa anayomkamulia mama yake. Tusilaumiane.

Jumapili nilimpigia simu mama mkwe kwa kiherehere changu mwenyewe.

"Shikamoo, mama. Ule msokoto nimeutibu."

"Marahaba. Nani ameutibu?"

"Mimi, mama. Kwa mkono huu."

Nikasikia anavuta kiti anakaa.

"Mwanangu, mimi nilikuwa nimeshapanga kuja kuwachukua," akasema. "Binti yangu amekonda, sauti yake kwenye simu siijui. Nilitaka nikae nao huku kwangu mpaka mtoto atimize miezi minne. Sasa wewe unaniambia umetibu. Haya. Nitakuja Alhamisi saa kumi na moja jioni. Nikimkuta mjukuu wangu ametulia, nitakunywa chai yangu, asubuhi nitaondoka peke yangu. Nikimkuta analia, naondoka nao wote wawili. Na friji langu nilikute limepona."

Nilimweleza mke wangu nikitegemea tucheke pamoja. Hakucheka. "Sikufichi," akaniambia, "mama akisema twende, nitakwenda. Nimechoka, mume wangu. Nimechoka mpaka kwenye nywele." Kwao ni safari ya siku nzima. Ningewaona mara mbili, labda tatu, kabla ya miezi minne kutimia, na King'ora angejifunza kushika vitu, kugeuka, kucheka kwa sauti, mimi sipo. Usiku ule nilimtazama alivyolala katikati yetu nikaona nitakufa nikiachwa. Mimi mtu mzima na kisanduku cha spana.

Alhamisi mke wangu alikuwa na kikao cha walimu, cha kwanza tangu ajifungue, kurudi ni saa kumi na mbili. Nikamsindikiza mlangoni kifua mbele. "Nenda mama, chui yupo." Halafu nikageukia friji la mama mkwe, maana siku ile nilitaka nimshangaze mara mbili.

Na wallahi nililitengeneza. Nilitoa mipira minne ya chini ya kompresa, ule moyo wa friji; ilikuwa imeliwa na miaka, nikaweka mipya. Paipu moja ilikuwa inagonga bati la nyuma, nikaikunja ikakaa mbali. Mpira wa mlango ulikuwa unavujisha baridi, kwa hiyo kompresa ilikuwa haipumziki mchana wala usiku. Nikaweka mpira mpya. Saa nane nililiwasha nikaweka sikio. Halikutoa hata sauti ya mbu. Nikacheza peke yangu sebuleni, bisibisi mkononi, na King'ora akanicheka kutoka kwenye godoro lake.

Saa kumi kamili akakunja magoti.

Sikuwa na wasiwasi. Nilikunja mikono ya shati taratibu, nikamlaza chui, nikaegemea friji. Akalia. Nikageuka, nikaegemea kwa bega la pili. Akalia zaidi. Nikashika tumbo juu kidogo, chini kidogo, katikati. Nikamcheulisha, akacheua, akaendelea pale alipoishia. Nikamkandakanda tumbo kwa kiganja cha moto. Nikamlaza chali nikamwendesha miguu kama baiskeli. Nikamwonyesha feni, rafiki yake wa asubuhi, akaitukana feni. Nikamwimbia nyimbo zote ninazozijua, ambazo ni mbili, na moja ni tangazo la sabuni. Kinyozi akagonga ukuta.

"Fundi! Chui amekufa?"

"Nyoa watu wewe!"

Saa kumi na nusu. Jasho linanitoka mpaka kwenye visigino. Nikarudi palepale, nikaegemea friji, nikafumba macho, na nikiwa nimefumba macho hivyo nikakosa kitu. Mgongo wangu ulikuwa umetulia. Siku zote nikiegemea pale mgongo ulikuwa unatikisika, meno yanacheza kidogo, masikioni kuna mngurumo. Leo hakuna.

Nilikaa chini sakafuni na mtoto wangu anayelia nikacheka. Nilicheka kama mwehu. Wiki nzima nafundisha mtaa mzima Mkao wa Chui, nimemfundisha mwanamke wa watu na kabichi lake, na chui hakuwa na lolote. Aliyekuwa anambembeleza mwanangu ni kompresa mbovu ya mama mkwe. Na mimi, kwa mikono yangu hii yenye sifa, nilikuwa nimeitibu saa nane mchana.

Kicheko kikakatika chenyewe. Dakika ishirini na tano zilibaki kabla matroni hajabisha hodi.

Nikamlaza King'ora kwenye godoro, akapaza sauti kunihimiza. Nikavuta friji, nikalala kifudifudi, nikafungua kompresa. Ile mipira mibovu iko wapi? Nilikuwa nimeitupa. Nikaenda kwenye ndoo ya taka nikazamisha mkono kwenye maganda ya ndizi na nepi, nikatoa mmoja, nikatoa wa pili, wa tatu, wa nne ulikuwa umeganda kwenye uji. Nikaifunga hivyohivyo. Fundi wa miaka kumi na nane, nimelala sakafuni natengeneza ubovu, na naukagua uwe ubovu uleule wa awali, usizidi wala usipungue. Paipu nikaivuta ikagusa bati. Nikawasha.

*Grrrrr-ta-ta-ta. Grrrrr-ta-ta-ta.*

Sijasikia sauti tamu kuliko ile. King'ora akakata kilio katikati. Nikamnyanyua, nikaegemea, akashusha pumzi ndefu ya mtu aliyefika kwake baada ya kazi. Macho yakaanza kulegea. Mimi pia yakalegea.

Halafu friji likazima. Kimya.

Nilisahau mpira wa mlango. Nilikuwa nimeweka mpya, unabana vizuri, baridi haitoki hata tone, na baridi ikitosha kompresa inajizima yenyewe. Kuutoa na kurudisha wa zamani ni kazi ya nusu saa. King'ora akaanza kukunja uso, na mimi nikafanya kitu ambacho wenzangu wa kazi wakikisikia watanifukuza kwenye chama. Nilimrudisha mtoto godoroni, nikatoa maziwa yake, nikatoa nyanya, nikachukua sufuria la maji yaliyokuwa yanachemka jikoni kwa ajili ya chai ya mgeni, nikaliingiza ndani ya friji, nikafunga mlango. Nikamnyanyua tena, nikangoja. Friji likapata mshtuko, likawaka kwa hasira.

*Grrrrr-ta-ta-ta.*

King'ora akalala, na mlango ukagongwa. Saa kumi na moja kamili, bila shaka.

"Hodi!"

"Karibu, mama," nikanong'ona. "Shikamoo."

"Marahaba." Akaingia. Alikuwa amevaa viatu vilevile vya bwenini, akavivua mlangoni, na hata bila viatu nilisikia anakuja. Akaniangalia: ganda la ndizi kwenye kiwiko, jasho, mtoto amelala juu ya mkono miguu inaning'inia. Akainama akamtazama mjukuu wake kwa muda mrefu. Akamgusa kisigino kwa kidole kimoja. Uso ukamlainika, nikamwona akijizuia usilainike zaidi.

"Amelala," akasema.

"Amelala, mama."

"Friji langu linaunguruma."

Hapo ndipo palikuwa na njia mbili, na zote mbili zinapita shingoni kwangu. Kumwambia nililitengeneza nikaliharibu, ni kukiri kwamba sikutibu chochote, na mtoto hatulii bila friji lake, na friji ni lake, na yeye ni mtu wa kuondoka na vilivyo vyake. Nikapiga moyo konde.

"Limenishinda, mama."

"Limekushinda."

"Limenishinda kabisa. Nimejaribu kila kitu. Labda liendelee kukaa hapa kidogo."

"Miaka yote hii kwenye simu unaniambia hakuna friji linalokushinda."

"Hili limenishinda, mama."

Neno lilitoka jepesi kuliko nilivyofikiri. Mama mkwe akaenda kwenye friji lake kama mwenye nyumba, akafungua mlango atoe maji ya kunywa. Wingu la mvuke likampiga usoni, miwani ikawa nyeupe. Alisimama hivyo, haoni, mkono mmoja hewani.

"Mwanangu," akasema polepole, "ndani ya friji langu kuna maji yanachemka."

"Ndiyo, mama."

Akafuta miwani kwa ncha ya kanga. Wasichana mia mbili hawakuwahi kumficha kitu kwa miaka thelathini, mimi ni nani. Akapitisha kidole kwenye mpira mpya wa mlango. Akatazama sakafuni, ilipokuwa mipira minne mipya na bisibisi. Akatazama ndoo ya taka niliyoipekua. Akafunga mlango wa friji vizuri, sufuria likiwa humohumo.

"Ulilitengeneza."

"Saa nane, mama."

"Ukaliharibu tena."

"Saa kumi na nusu."

"Kwa nini hukuniambia?"

Nikamwambia sasa, maana nilikuwa nimechoka kuficha. "Kwa sababu utawachukua, mama. Mimi huyu mtoto kilio chake kinanitoa roho kila jioni, lakini nyumba ikiwa kimya kwa sababu hayumo, hiyo siiwezi. Nibakie na hii grafu mlangoni? Bora niitwe fundi wa uongo." Nikafuta macho kwa bega, na sikuona haya. "Mlete mtu mwingine alitengeneze. Ila si leo."

Mama mkwe alifungua kinywa kunijibu, na umeme ukakatika.

Feni ikazunguka mara ya mwisho ikasimama. Redio ya kinyozi ikakata. Friji likakohoa, *ta... ta...*, likafa. King'ora akafumbua jicho moja. Mdomo wa chini ukaanza kutetemeka, magoti yakaanza kupanda, na mimi na mama mkwe tukatazamana juu ya kichwa chake. Huyu ni mwanamke ambaye kwa miaka minne ya ndoa sijawahi kumwona anacheka na meno yakaonekana. Mimi mbele yake sijawahi hata kupiga chafya kwa uhuru.

Mama mkwe akasogea. Akainamisha uso mpaka karibu na sikio la mtoto, akavuta pumzi, na kutoka chini kabisa ya kifua chake cha umatroni akatoa:

"Grrrrrrr."

Jicho likasita.

Pumzi ilipomwishia nikaona inakosekana ile paipu, nikaingia: "Ta-ta-ta."

"Grrrrrrr."

"Ta-ta-ta."

Jicho likafumba. Magoti yakashuka. Tulipojaribu kunyamaza yakapanda tena, kwa hiyo tukaendelea, tumeegemea friji lililokufa bega kwa bega, mkwe na mkwe, yeye kompresa, mimi paipu. Mara akakosea akaingia kwenye ta-ta-ta yangu, nikamkodolea macho, na ndipo nikaona mabega yake yanatikisika. Alikuwa anacheka. Alikuwa anacheka na kunguruma kwa pamoja, machozi yanamtoka chini ya miwani, na mimi nikaambukizwa, na hakuna kazi ngumu duniani kama kuwa paipu huku unacheka. Upande wa pili wa ukuta kinyozi alikuwa kimya kabisa. Nadhani alikuwa ameweka sikio.

Hatukumsikia mke wangu akifungua mlango. Tulimwona tu amesimama pale, mkoba begani, madaftari kifuani, anamtazama mama yake. Alitutazama tulivyomaliza mzunguko mmoja mzima, na mwingine. Kisha akamtazama mtoto wake aliyelala fofofo, akanitazama mimi, na uso wake uliochoka ukakumbuka kilichokuwa kinatusubiri siku ile.

"Mama," akauliza kwa sauti ndogo, "nifunge mizigo?"

Mama mkwe hakuweza kujibu, maana ilikuwa zamu yake. Akashika mkono wangu ule uliombeba mtoto, akaukaza, na bila kuacha kunguruma akatikisa kichwa: hapana.